Mivengi ya Chemchemi Yetu na Historia ya Mto Ruaha

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba kurasa chache kwa ajili ya jarida la mkutano wa mwaka huu, alitaka nieleze habari za walimu wetu wa zamani na vituko vya mabwenini. Vituko hivyo wako wenzangu watakaovieleza vizuri zaidi. Mimi nimefundisha historia kwa miaka thelathini na sita, tangu 1983 hadi nilipostaafu mwaka 2019, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliishi Usangu, upande wa Mbeya. Jambo linalonisumbua tangu nistaafu ni moja tu, nalo ni mto. Naomba radhi kwa wale waliotazamia kucheka. Naomba pia vijana mlio madarasani hivi sasa msome mpaka mwisho, maana ninyi mnahusika, na sisi tulihusika kabla yenu, tena kwa namna isiyotupa sifa.

Wale tulioingia Kidato cha Kwanza mwaka 1973 tunaikumbuka chemchemi iliyokuwa bondeni, chini ya uwanja wa mpira. Ilizungukwa na mivengi mikubwa, miti ile yenye matunda meusi yanayoacha ulimi na rangi ya wino. Maji yake yalikuwa ya baridi kiasi kwamba aliyepewa adhabu ya kuchota ndoo kumi alfajiri alirudi vidole vimekufa ganzi. Mwaka huo huo ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili nchini kote walikaa katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Sisi tulitumwa kijiji cha jirani na majembe yetu. Nataja jambo hili kwa sababu siku hizi husikia watu wakisema kwamba kujitolea kumeletwa na miradi ya wafadhili. Si kweli. Waliofuta magugu visimani mwaka 1973 hawakupewa posho ya kikao wala fulana.

Lakini bidii bila maarifa nayo ina gharama yake. Miaka ya 1974 na 1975 nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa chakula, na ndipo ulipotoka wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Kila shule ilitakiwa ijilishe. Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imekwisha kutangazwa tangu Machi 1967, na shule yetu ilikuwa na mashamba mlimani, ila kiangazi yalikauka. Ikaamuliwa tulime bondeni. Mimi nilikuwa kiranja wa shamba. Niliigawa kazi mwenyewe: bweni hili mashoka, bweni lile misumeno, wadogo kubeba matawi. Tuliiangusha ile mivengi yote kwa siku tatu, tukaimba. Tukachimba matuta mpaka ukingoni mwa chemchemi, tukapanda kabichi na mahindi mabichi, na mwaka 1976, karibu ya mtihani wetu wa mwisho, tukazungushia mikaratusi ili shule ipate nguzo na kuni. Kabichi zilistawi ajabu. Simlaumu mwalimu yeyote. Watu walikuwa na njaa na sisi tulikuwa na nguvu.

Niliirudia chemchemi ile mwaka 2014 tulipokutana wahitimu. Nilikuta mikaratusi minene hata mtu mmoja hawezi kuikumbatia, na chini yake majani makavu. Unyevu haukuwepo. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliyekuwa akituongoza alinisikia nikisema “chemchemi ilikuwa hapa”, akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama babu aliyeanza kuchanganya mambo.

Basi huo ndio mwanzo wa habari yangu. Sasa niwarudishe darasani kidogo.

Maji ya chemchemi ile yalikuwa yakishuka katika kijito, kijito kikaingia Ruaha Mdogo. Ruaha Mdogo unatoka nyanda za Mufindi, unapita chini ya mji wa Iringa pale Ipogolo, unawanywesha watu wa mji huo, kisha unashuka Pawaga kwenda kukutana na Ruaha Mkuu kabla ya Bwawa la Mtera. Ruaha Mkuu wenyewe unaanzia mbali zaidi, katika milima ya Kipengere na Uporoto yenye vilele vinavyokaribia mita 3,000. Huko juu mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Mito inashuka ukingoni kwa kasi: Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingine midogo midogo. Anayesafiri kwa basi kutoka Makambako kwenda Mbeya huivuka kadhaa bila kuacha kula mahindi yake. Chini ni uwanda wa Usangu, joto na vumbi, mvua kama milimita 700 tu. Kwa hiyo Usangu huishi kwa mvua inayonyesha kwa wengine.

Katikati ya uwanda huo kuna Ihefu, bwawa la asili la matete. Wanafunzi wangu walidhani Ihefu ni tope tu lililozidi. Kumbe ni tangi. Maji yote ya Usangu huingia humo, na njia ya kutokea ni moja, penye kizingiti cha mwamba paitwapo Ng’iriama. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya mwamba ule, mto unatoka na kuendelea ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha Mtera, kisha Kidatu, hata Rufiji na bahari. Maji yakishuka chini ya mwamba kwa unene wa mkono tu, mto unakatika. Mwamba hauna huruma, haupokei maelezo. Yeyote anayetaka kuielewa historia yote inayofuata aukumbuke mwamba huo.

Jina Ruaha linatokana na neno la Kihehe, luvaha, yaani mto. Mtwa Mkwawa alijenga ngome yake Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo, na baada ya kulivunja jeshi la Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 aliishi humo miaka mitatu zaidi, mpaka ngome ilipoangushwa tarehe 30 Oktoba 1894. Vitabu vinaeleza sana juu ya kuta za Kalenga na bunduki. Havielezi kwamba mji wenye watu wengi namna ile ulisimama kwa sababu mto ulikuwapo mchana na usiku, masika na kiangazi. Upande wa pili, watawala wa Wasangu, akina Merere, nao makao yao ya Utengule yalitegemea maji hayo hayo yashukayo milimani. Wahehe na Wasangu walipigana sana katika karne ile, na mto ukawanywesha wote.

Kilimo cha mpunga wa kumwagilia kilianza Usangu kwa kiasi kidogo, hasa kwa mikono ya Wabaluchi waliokuwa wamehamia huko, katika miaka ya 1930 na 1940. Wenyeji wakajifunza, wakachimba mifereji yao. Kati ya mwaka 1955 na 1960 wataalamu wa FAO walilipima bonde zima la Rufiji, na taarifa yao ya mwaka 1961 ilionyesha kwamba hapa pana utajiri wa maji na ardhi. Baada ya Uhuru mambo yakaenda haraka. Shamba la Mbarali, lenye hekta zipatazo 3,200, lilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa ndugu zetu Wachina, wakati ule ule reli ya TAZARA ilipokuwa ikipita. Likafuata Kapunga, hekta 3,000, na mwisho wa miaka ya 1990 Madibira, hekta nyingine 3,000, chini ya Mto Ndembera. Mashamba ya wananchi wadogo yakaongezeka kuliko hayo yote. Mwaka 1970 eneo la umwagiliaji Usangu lilikuwa kama hekta 10,000. Kufika mwaka 2000 lilikuwa kati ya hekta 20,000 na 40,000, kufuatana na mvua ya mwaka. Nami nililima humo. Mshahara wa ualimu wa miaka ile wazee wenzangu mnaujua. Ekari mbili za mpunga ndizo zilizosomesha watoto wangu, na sioni haya kusema hivyo.

Wakati huo huo, chini ya mto, Taifa lilijenga mitambo ya umeme. Kidatu ilianza mwaka 1975 na ikakamilika mwaka 1980, megawati 204. Bwawa la Mtera likajengwa kuihifadhia maji, na mwaka 1988 Mtera nayo ikawa na mtambo wake wa megawati 80. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya umeme wa maji wa nchi hii ulitoka katika mto huu mmoja.

Desemba 1993 Ruaha Mkuu ulikatika ndani ya Hifadhi. Ulikuwa mto usiokauka, na sasa ulikauka. Viboko walijazana kwenye vidimbwi vya tope, tembo wakachimba mchanga kutafuta maji. Sisi wa Usangu hatukujua. Nakumbuka mwezi ule vizuri kwa sababu mama mmoja aliyekuwa akituletea kambale na perege kutoka Ihefu alikuja na sinia nusu, akasema samaki ni wadogo na bei imepanda. Tukambishia. Hakuna mtu kati yetu aliyefikiri kwamba mfereji uliokuwa ukipita nyuma ya nyumba zetu, ukibeba maji Desemba ile kwenda kwenye vitalu vya mpunga wa mapema, ulikuwa na uhusiano wowote na lile sinia. Tangu hapo mto umekuwa ukikatika kila kiangazi, pengine majuma machache, pengine zaidi ya siku 100.

Ikawa sasa ni kutafuta mwenye kosa. Umeme ulipokatwa kwa mgao miaka ile ya tisini, mijini walisema ni watu wa Usangu wanaokunywa umeme. Wakulima wakasema ni ng’ombe wa wafugaji wanaokanyaga Ihefu. Wafugaji wakasema ni wakulima. Machi 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Ndugu Frederick Sumaye, alitangaza akiwa London kwamba Serikali itahakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji, Wasukuma, Wabarabaig, Wamasai na wengine, waliondolewa Usangu na mifugo yao, wengi wakaswagwa hadi Lindi na Pwani. Niliona malori yakipakia. Nilikuwa na wanafunzi wa jamii hizo darasani. Jumatatu madawati yalikuwa matupu. Mwaka 2008 Ihefu pamoja na lililokuwa Pori la Akiba la Usangu vikaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha, ikafikia eneo la zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na mgogoro wa mipaka na vijiji vya Mbarali ukaanza hapo ukaendelea kwa miaka mingi. Mwaka 2010 ukaja ukapita. Mto ulikuwa bado unakatika. Mwaka 2017 kikaundwa kikosi kazi cha kitaifa cha kuokoa bonde la Ruaha Mkuu, kikazinduliwa Iringa na Mama Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais wakati huo. Mwaka 2022 mto ukakatika tena zaidi ya siku 100.

Kuhusu lawama hizo nina maoni yangu, na nayasema kama mwalimu wa historia. Watafiti walioishi kwetu kati ya mwaka 1999 na 2005 walipima maji mwezi kwa mwezi, na waliyoyaona hayakumpendeza mtu. Kwanza, Bwawa la Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Maji ya kiangazi ni kidogo mno kuwasha taa za Dar es Salaam, kwa hiyo kutulaumu sisi kwa mgao wote wa umeme hakukuwa haki. Pili, ng’ombe hawakuwa sababu kubwa ya mto kukatika. Tatu, na hapa nilinyamaza, sababu kubwa ilikuwa maji yanayochotwa kiangazi kwenye mabanio. Zamani banio lilikuwa la mawe, magogo na nyasi. Lilivuja, na kilichovuja kikaenda Ihefu. Tukajengewa mabanio ya saruji yenye malango ya chuma, tukayasifu, tukayafungua ndiyo siku ya sherehe. Banio la saruji halivuji. Lina uwezo wa kuchukua mto mzima, na mwezi wa Septemba na Oktoba lilichukua mto mzima, na maji mengi yakaishia katika majaruba yasiyo na zao lolote, yakikauka juani.

Watafiti hao, wakiongozwa na Bruce Lankford pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walikuja na kitu ambacho mwanzoni tulikicheka. Kilikuwa ubao mrefu ulioinamishwa, una mfereji katikati, na pembeni vishimo. Ubao ni bonde, mfereji ni mto, vishimo ni majaruba, na maji ni gololi. Mtu mmoja anamwaga gololi kutoka juu. Wachezaji wamepewa vijiti, kila mmoja na mahali pake, kila kijiti ni banio. Mchezo wa kwanza kila mtu anajichotea awezavyo. Aliye juu anajaza vishimo vyake, gololi zinamzidi mpaka zinaanguka sakafuni. Wa katikati anapata tatu, wa mwisho hapati hata moja. Watu wanacheka. Kisha wanabadilishana nafasi, wa juu anakwenda chini. Nimewaona wazee wazima, wenye mashamba ya juu, wakisimama mwisho wa ubao wakingoja gololi isiyokuja, na kicheko kikiisha usoni. Mchezo unaofuata wanaambiwa wazungumze kwanza. Hapo ndipo mabishano ya kweli huanza, na mabishano hayo ndiyo yaliyokuwa dawa. Nimehudhuria semina nyingi katika maisha yangu. Sijaona nyingine iliyonifundisha hivyo, na iliwezekana kwa vipande vya mbao na gololi.

Kutoka hapo, na kwa msaada wa Ofisi ya Maji ya Bonde la Rufiji iliyo Iringa, jumuiya za watumia maji zikaanza kuimarika mto kwa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, ikazitambua rasmi. Wanachama wake ni wananchi wa kawaida. Kazi yao ni kupanga zamu, kusafisha mifereji ili maji yasipotee njiani, kulinda vyanzo, kupanda miti, kusuluhisha ugomvi kabla haujafika polisi, na kufunga malango kiangazi. Kufunga lango ni neno dogo. Maana yake ni kwamba saa nane ya usiku, mwezi wa Oktoba, mtu anatoka kitandani bila malipo, anatembea na tochi mpaka banioni, kwa sababu amepata habari kwamba jirani yake amelifungua. Jirani huyo ana panga mkononi kama mkulima yeyote aliye shambani usiku. Nilikuwa katibu wa jumuiya ya mfereji wetu kwa miaka sita. Nimetukanwa sana. Jaa la takataka nyumbani kwangu liliwahi kuchomwa moto usiku, na asubuhi hakuna aliyekuwa ameona kitu. Hata hivyo, mwaka wa tatu wa zamu zile, wale wa mkiani, ambao kwa kawaida walivuna mabua, walivuna gunia. Mmoja wao aliniletea debe la mchele, akasema si rushwa maana kazi imekwisha.

Sherehe nazo tunazo. Wiki ya Maji huishia tarehe 22 Machi kila mwaka, na tarehe 1 Aprili ni siku ya kupanda miti. Tunapanda, tunaimba, ngoma zinapigwa, viongozi wanahutubia. Mimi sizibezi sherehe. Mtoto aliyecheza ngoma kando ya mto siku ile hatausahau mto huo. Ila Machi na Aprili mito imejaa na kila mtu ni rafiki wa mazingira. Ningependa tuwe na sherehe moja Oktoba.

Niliporudi nyumbani Iringa baada ya kustaafu, nilidhani nimeachana na ugomvi wa maji. Lakini kwetu kuna vinyungu. Vijana wa mjini pengine hamjui: vinyungu ni bustani za bondeni, penye unyevu, zinazolimwa kiangazi kwa mahindi mabichi, maharage, kabichi na viazi. Bibi zetu walilima vinyungu na vijito havikukauka, kwa sababu vilikuwa vidogo na mivengi iliachwa. Leo vinyungu vimefika kwenye jicho la chemchemi, vikiwa na pampu ya mafuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa mto. Pima mita 60 katika mabonde yetu membamba, ndugu msomaji, utajikuta umepanda kilima cha pili. Kwa mtu mwenye bonde tu, mita 60 ndiyo shamba lote.

Mwaka 2020 kamati yetu ya hiari ilipita kijitoni na kamba ya kupimia. Kinyungu cha kwanza kilichokuwa ndani ya mipaka kilikuwa cha kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Wenzangu walisimama nyuma wakingoja nitasema nini. Nilimwamkia, nikamweleza sheria. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe, kisha akasema, “Mdogo wangu, wewe una pensheni. Mimi pensheni yangu ndiyo kabichi hizi.”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu kamili. Nilimwambia kwamba kijito kikikauka hata kabichi hazitakuwapo. Akaniuliza kama wale wa juu yake, wenye mashamba makubwa ya mikaratusi, nao tumewapelekea kamba. Hatukuwa tumewapelekea. Tulikuwa tumeanza na wadogo kwa sababu wadogo tunawajua majina. Nilirudi kwenye kamati nikalisema jambo hilo, na kikao kilikuwa kirefu. Mwishowe tulianza upya kutoka juu. Wenye mikaratusi wawili walikubali kuikata iliyo karibu na chemchemi, wa tatu bado tunamwendea. Kaka yangu alisogeza nusu ya kinyungu chake hadi kwenye mteremko, akanunua pampu ya kukanyaga kwa fedha tulizochanga, na katika nusu iliyobaki tukapanda mivengi yeye akiwa ndiye mchimba mashimo. Nusu ile nyingine bado analima. Nikipita hapo tunasalimiana, hatuzungumzi habari za mita.

Najua wako watakaosema: sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, mtambo wa kwanza umewashwa mwaka 2024, ya nini kuhangaika na Ruaha? Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero, kama asilimia 62, na Ruaha Mkuu huleta kama asilimia 15 tu. Lakini hapa sizungumzi habari za umeme peke yake. Watu wa Pawaga hunywa Ruaha. Iringa mjini hunywa Ruaha Mdogo. Tembo wa Hifadhi hawana bomba. Na mwamba wa Ng’iriama unapima kila kijiti kinachotolewa na kila kinachoongezwa huku juu, hata cha kijito chetu.

Nirudi shuleni nimalize. Mwaka 2021 niliomba ruhusa kwa uongozi wa shule, na pamoja na vijana wa Klabu ya Malihai tuliikata mikaratusi kumi na minne iliyozunguka mahali pa chemchemi, ile ile tuliyoipanda mwaka 1976. Mbao zake zimetengeneza madawati na ubao mmoja wa gololi, ambao fundi seremala aliuchonga kwa maelezo yangu na sasa uko katika chumba cha Jiografia. Atakayefika mkutanoni auombe acheze. Tulipanda miche ya mivengi 60. Mingi ilikufa kiangazi cha kwanza, mingine ililiwa na mbuzi, tukapanda tena. Mwezi wa Februari mwaka huu nilihesabu 41 hai, mirefu kunipita. Chemchemi haijarudi. Lakini mahali pale ardhi imelainika, na yule mlinzi wa shule ananiambia kwamba vyura wamesikika usiku, jambo ambalo tangu aajiriwe hakuwahi kulisikia.

Mkutano wetu utakuwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Nimekubaliana na mwenyekiti kwamba kabla ya chakula cha mchana tutashuka bondeni kupalilia na kujaza mapengo, wazee na vijana pamoja, miche ipo tayari kitaluni. Wale wa darasa la 1976 mlioshika mashoka siku zile tatu, majina yenu ninayo na mabweni yenu ninayajua. Njooni na majembe. Mashoka yaacheni nyumbani.